Sura ya Nne: Jicho Linalotangulia

Katika chumba chenye mwanga hafifu, Chuo Kikuu cha Denver, Marekani, mtoto wa miezi mitatu na nusu amelazwa chali. Juu yake kuna kioo kinachomwakisia picha kutoka kwenye skrini. Picha inatokea upande wa kushoto, inachezacheza kidogo, inatoweka hata kabla sekunde moja haijatimia. Skrini inabaki tupu kwa muda wa kama sekunde moja. Picha nyingine inatokea kulia. Kisha kushoto. Kisha kulia. Hakuna anayemsemesha mtoto, wala anayempa maziwa kwa kuwa ametazama vizuri. Baada ya duru kadhaa, upande wa kulia ukiwa bado mtupu kabisa, macho ya mtoto yanahamia kulia na kutulia pale.

Picha inapotokea, inamkuta ameshafika.

Jaribio hilo lilibuniwa na mwanasaikolojia Marshall Haith. Alilichapisha mwaka 1988 katika jarida la Child Development, pamoja na Cindy Hazan na Gail Goodman. Tangu hapo mruko ule mdogo wa jicho, ambao mzazi aliyeketi kando asingeuona, umekuwa miongoni mwa ushahidi wenye nguvu zaidi tulio nao kuhusu akili ya mtoto mchanga. Anayekitazama kitu kilichopo huenda amevutwa na mwanga wake, rangi yake au mwendo wake. Lakini anayetazama mahali ambapo kitu bado hakijatokea, huyo amevutwa na nini, kama si tarajio lake mwenyewe?

Tundu la Fantz

Mtoto mchanga ni shahidi mgumu. Huwezi kumuuliza akakujibu. Mikono yake haijamtii. Akitaka kitu, hupunga hewa. Shingo bado ni legevu. Macho ndiyo yanayomtii mapema kuliko viungo vingine. Misuli sita inayoliendesha kila jicho huanza kazi tangu siku za kwanza, na mtoto ambaye hawezi hata kujigeuza kitandani anaweza kuamua atazame wapi.

Waswahili husema macho hayana pazia. Robert Fantz, mtafiti wa Western Reserve University mjini Cleveland, alitumia ukweli huo kwa namna ambayo wenzake hawakuwa wameifikiria. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 alimlaza mtoto ndani ya kijumba kidogo cha kutazamia, akaning'iniza picha mbili juu yake, kisha akachungulia kupitia tundu lililokuwa katikati ya picha hizo. Kwa kuwa uso wa jicho huakisi kama kioo, Fantz aliweza kuona taswira ndogo ya kila picha juu ya jicho la mtoto. Taswira iliyotua juu ya mboni ndiyo ya picha iliyokuwa ikitazamwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuhesabu sekunde.

Matokeo yaliwashangaza wengi walioamini kwamba mtoto mchanga haoni ila ukungu. Mwaka 1963 Fantz alieleza kwamba watoto ambao hawajafikisha siku tano, mmoja wao akiwa na saa 10 tu duniani, waliutazama mchoro wa uso, miduara na maandishi kwa muda mrefu kuliko duara lenye rangi moja tupu. Mwaka 1964 aliongeza jambo jingine: picha ile ile ikirudiwa mara nyingi, watoto wa zaidi ya miezi miwili huichoka, na picha mpya ikiletwa kando yake huigeukia hiyo mpya.

Jambo hilo la pili lilifungua mlango mkubwa. Mtoto anayekichoka kitu cha zamani lazima awe amekikumbuka. Na mwenye kumbukumbu ya yaliyopita ana malighafi ya kukisia yajayo.

Mshangao unaohesabiwa kwa sekunde

Njia ya Fantz ilipofika miaka ya 1980, watafiti walianza kuitumia kuuliza maswali mazito zaidi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliyewachunguza kwa makini watoto wake watatu, alikuwa amefundisha kwamba mpaka kufikia kama miezi minane mtoto hajui kuwa kitu kilichofichwa bado kipo. Ukiifunika midoli yake kwa kitambaa, haitafuti.

Renée Baillargeon, Elizabeth Spelke na Stanley Wasserman walishuku kwamba tatizo lilikuwa kwenye mikono ya mtoto na kwamba akili yake ilikuwa imetangulia. Katika utafiti wao wa mwaka 1985 waliwaonyesha watoto wa miezi mitano ubao uliolala mezani, ukainuka na kupinduka hadi ukalala upande wa pili, nyuzi 180, kama jani la kitabu linavyofunuliwa. Watoto walipouzoea, sanduku liliwekwa nyuma ya ubao. Mara nyingine ubao uliinuka, ukalificha sanduku, kisha ukasimama pale ulipopaswa kugota. Mara nyingine, kwa ufundi wa kificho, ubao uliendelea hadi chini kana kwamba sanduku halikuwapo. Watoto waliutazama mpinduko huu usiowezekana kwa muda mrefu zaidi. Baadaye, mwaka 1987, Baillargeon aliripoti matokeo kama hayo kwa watoto wa miezi minne na nusu, na kwa baadhi ya wale wa miezi mitatu na nusu.

Miaka mitano baadaye Karen Wynn alichapisha katika jarida la Nature jaribio la hesabu. Mwanasesere mmoja anawekwa jukwaani, pazia linainuka na kumficha, mkono unaonekana ukiongeza mwanasesere wa pili nyuma ya pazia. Pazia likishuka na kubaki mwanasesere mmoja tu, watoto wa miezi mitano hutazama kwa muda mrefu kuliko wanapowakuta wawili.

Majaribio haya yaliwafanya watu wazima wawatazame watoto kwa heshima mpya. Hata hivyo yalikuwa na udhaifu ambao hatupaswi kuufumbia macho. Mtoto aliyetazama kwa sekunde nyingi zaidi, je, ameshangaa? Au anakipenda kile anachokifahamu? Au kuna mwendo mwingi zaidi wa kutazamwa? Mwaka 1999 Susan Rivera, Ann Wakeley na Jonas Langer walirudi kwenye ubao ule unaopinduka, wakaonyesha kwamba watoto wa miezi mitano na nusu huutazama zaidi mpinduko wa nyuzi 180 hata pasipokuwa na sanduku lolote, pengine kwa sababu tu unasogea zaidi. Haith mwenyewe alikuwa ameonya mwaka mmoja kabla kwamba tunakimbilia kumvika mtoto fikra za mtu mzima kwa kigezo cha sekunde chache za kutazama.

Kutazama kwa muda mrefu huja baada ya tukio. Mtafiti anarudi nyuma kukisia ni nini kilikuwa kichwani mwa mtoto kabla. Haith alitaka ushahidi unaofika kwanza.

Moja ya tano ya sekunde

Ubora wa jaribio la Haith uko kwenye saa. Kitu kinapotokea ghafla, jicho haliwezi kukifikia papo hapo. Mwanga lazima ufike kwenye retina, ishara isafiri hadi kwenye ubongo, ubongo uchague mahali pa kutazama, kisha amri iende kwenye misuli. Hata kwa mtu mzima safari hiyo huchukua kama moja ya tano ya sekunde, yaani milisekunde 200, na mtoto mchanga huwa mzito zaidi. Kwa hiyo macho yakianza kuelekea kulia kabla picha haijatokea, au katika milisekunde 200 za kwanza baada ya kutokea, haiwezekani kuwa yameitwa na picha hiyo. Amri ilitolewa mapema, na aliyeitoa ni mtoto.

Bado mtu angeweza kudai kwamba macho ya watoto hurandaranda ovyo, na mara nyingine huangukia mahali sahihi kwa bahati. Haith aliijibu hoja hiyo kwa kuwaonyesha watoto wale wale mfululizo mwingine usio na mpangilio, ambao picha zilitokea kushoto na kulia bila utaratibu. Kama macho yangekuwa yanarandaranda tu, mifululizo yote miwili ingetoa matokeo sawa. Haikuwa hivyo. Mpangilio ulipokuwepo, macho yalitangulia mara nyingi zaidi. Na pale ambapo hayakutangulia, yaliifikia picha haraka zaidi kuliko kwenye mfululizo wa ovyo, kama mtu aliyekuwa amekaa mkao wa kuondoka kabla hajaitwa. Somo hilo mtoto alilipata ndani ya dakika chache, bila mwalimu na bila tuzo.

Richard Canfield na Haith walilisogeza swali mbele mwaka 1991. Badala ya kupokezana kushoto na kulia, picha zilifuata mpango wa kushoto, kushoto, kulia. Hapa mtoto hawezi kutegemea kanuni ya kubadilisha upande kila mara. Lazima kwa namna fulani ajue kwamba ya kwanza imepita na ya pili bado. Watoto wa miezi mitatu waliumudu mpango huo. Wa miezi miwili waliishia kwenye ule wa kupokezana tu. Mwezi mmoja wa maisha ulileta tofauti hiyo.

Mpira nyuma ya kizuizi

Mwaka 2003 Scott Johnson, Dima Amso na Jonathan Slemmer waliziunganisha njia hizi mbili: swali la Piaget kuhusu kitu kilichofichika, na jicho linalotangulia la Haith. Mpira unasafiri kwenye skrini, unaingia nyuma ya kizuizi, unatokea upande wa pili. Je, macho ya mtoto yataruka hadi upande wa pili kuusubiri, au yatakwama pale ulipotoweka?

Watoto wa miezi sita waliusubiri mara nyingi. Wa miezi minne hawakufanya hivyo kwa kiasi cha kutosha kusema kwamba walikuwa wakitarajia. Watafiti wakachukua watoto wengine wa miezi minne na kuwaonyesha kwanza, kwa dakika mbili tu, mpira ukisafiri njia nzima bila kizuizi chochote. Kizuizi kiliporudishwa, macho ya watoto hawa yakatangulia karibu kama ya wale wa miezi sita.

Dakika mbili zimefanya kazi ya miezi miwili, angalau kwa jambo hili moja na kwa muda ule. Kwangu mimi hili ndilo tokeo kubwa kuliko yote katika sura hii. Linawajibu kwa pamoja wale wanaosema mtoto huzaliwa akijua yote na wale wanaosema hajui kitu. Mtoto huja na uwezo wa kuudaka utaratibu, na utaratibu wenyewe huupata kwa kutazama.

Kamera inajuaje?

Siku hizi mtafiti hachungulii tena kwenye tundu. Chini ya skrini hufungwa taa ndogo za infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni na kwa hiyo haumsumbui mtoto. Mwanga huo huacha kidoa kinachong'aa kwenye konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho. Kamera hupima umbali na uelekeo kati ya kidoa hicho na kitovu cha mboni. Jicho likigeuka, mboni husogea ilhali kidoa hubaki karibu pale pale, na kwa tofauti hiyo kompyuta hukokotoa mahali panapotazamwa. Mitambo ya kawaida hufanya hivyo mara 60 au 120 kwa kila sekunde, na mingine zaidi.

Kabla ya kuanza, mtambo lazima ulijue jicho la mtoto huyu mahususi. Mtu mzima huambiwa atazame nukta hii, kisha ile. Mtoto haambiwi; huvutwa kwa kikaragosi kinachozunguka na kutoa mlio katika kila pembe ya skrini. Huketi kwenye mapaja ya mama au kwenye kiti cha gari cha watoto. Mama naye mara nyingi huombwa afumbe macho au avae miwani ya giza, kwa sababu akijua picha itatokea wapi anaweza kuinama kidogo upande huo, na mtoto akaufuata mwili wa mama badala ya tarajio lake.

Kisha huja yale yasiyozuilika. Mtoto analia, anasinzia, anakitazama kidole chake, anageuka kumtafuta mama. Sehemu ya vipimo hutupwa karibu katika kila utafiti wa aina hii. Msomaji anayekutana na kichwa cha habari kinachodai watoto wa miezi fulani wanajua jambo fulani aulize maswali matatu: walikuwa watoto wangapi, wangapi waliachwa nje ya hesabu, na je, macho yao yalitangulia tukio au yalikawia baada yake?

Ubongo unaosubiri

Kuna njia nyingine ya kuhakikisha kwamba tarajio hili ni kitu halisi. Mwaka 2015 Lauren Emberson, John Richards na Richard Aslin waliwazoesha watoto wa miezi sita kusikia sauti fulani kisha kuona picha. Halafu, mara chache, sauti ilisikika na picha haikuletwa. Watoto walikuwa wamevaa kofia yenye taa ndogo zinazopenyeza mwanga kwenye fuvu na kupima mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Kwenye eneo la kisogoni linaloshughulikia kuona, ubongo uliitikia ingawa hapakuwa na kitu cha kuona. Katika kundi jingine, ambalo sauti na picha hazikuwa na uhusiano, mwitikio huo haukutokea.

Kwa maneno mengine, sehemu ya ubongo inayopokea taswira ilikuwa imejiandaa. Mruko wa jicho tunaouona kwa nje ni ishara ya maandalizi yanayoendelea ndani.

Na maandalizi hayo yana faida gani? Celeste Kidd, Steven Piantadosi na Richard Aslin walionyesha mwaka 2012 kwamba watoto wa miezi saba na minane huacha kutazama mfululizo unaotabirika mno, na huacha pia ule usiotabirika kabisa. Wanaoutazama kwa muda mrefu ni ule wa kati, wenye utaratibu wa kutosha kubashiriwa na upya wa kutosha kufundisha. Mwaka 2015 Aimee Stahl na Lisa Feigenson wa Johns Hopkins waliwaonyesha watoto wa miezi 11 vitu vilivyovunja tarajio, kisha wakawapa wavichezee. Walioona kitu kikipenya ukuta walikigongesha mezani. Walioona kitu kikielea hewani bila kuegemea chochote walikidondosha. Kila kundi lilikipima kitu kwa namna ile ile kilivyowashangaza.

Tunayaita michezo, na mara nyingi tunamwondolea mtoto kijiko kwa sababu amekidondosha kwa mara ya tano. Huenda anafanya jaribio.

Watoto wa wapi?

Sayansi hii ina pengo. Ili kupunguza tatizo la sampuli ndogo, maabara nyingi ziliungana katika mradi wa ManyBabies. Utafiti wake mkubwa wa kwanza, uliotoka mwaka 2020 na kuhusu jinsi watoto wanavyopenda kusemeshwa kwa sauti ya kubembeleza, ulikusanya watoto 2,329 kutoka maabara 67. Maabara hizo zilikuwa Amerika Kaskazini, Ulaya, Australia na Asia. Afrika haikuwemo.

Hali hiyo inabadilika. Mwaka 2017 watafiti wa Finland na Malawi walieleza jinsi walivyotumia kamera ya kufuatilia macho kwa watoto wa miezi tisa vijijini Malawi, na kuonyesha kwamba kazi hiyo inawezekana nje ya maabara za nchi tajiri. Mradi wa BRIGHT umewafuatilia watoto wa Keneba, Gambia, sambamba na watoto wa Cambridge, Uingereza. Njia hii inalifaa bara letu kwa namna ya pekee, kwa sababu haihitaji lugha. Mtihani ulioandikwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa hubeba mitego mingi, lakini jicho la mtoto wa Zomba na la mtoto wa Denver huruka kwa misuli ile ile, na kwa wote wawili moja ya tano ya sekunde ni kipimo kimoja. Kinachoweza kutofautiana ni yale waliyozoea kuyaona, na hilo ndilo tunalotaka kulijua.

Nawaomba wakuu wa vyuo vikuu vyetu na wanaopanga bajeti za utafiti walitie jambo hili maanani. Maarifa kuhusu akili ya mtoto yanayotokana na watoto wa nchi chache ni maarifa nusu.

Kwako msomaji uliye na mtoto mchanga nyumbani, huhitaji kamera wala taa za infraredi. Jifunike uso kwa khanga, kisha jifunue upande wa kulia. Rudia hivyo hivyo, upande ule ule, kwa mwendo ule ule, bila haraka. Baada ya mara kadhaa, kabla ya kujifunua, mwombe mwenzako ayatazame macho ya mtoto. Huenda siku hiyo atakuwa na usingizi, na jaribio lisifaulu. Lakini yakihamia kulia nawe bado umejifunika, basi jua kwamba mtoto amekufikia kabla hujajitokeza.

Kila jambo unalolirudia mbele yake kwa utulivu, la kumwogesha, la kumnyonyesha, la kumwimbia kabla ya kulala, linampa kitu cha kutarajia. Lirudie.